Harufu iliyotoka kwenye sinki la binti yangu

Nilipokwenda kwa binti yangu Houston, katika jimbo la Texas, nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilijiandaa kwa safari ndefu ya ndege, kwa maswali ya maofisa wa uwanjani, na kwa joto la Juni ambalo mkwe wangu alishanionya kwamba halina tofauti na la Dar es Salaam mwezi Februari. Kitu ambacho sikujiandaa nacho ni harufu ya jikoni.

Haikuwa harufu ya kumfanya mtu azibe pua. Ilikuwa ile ya kuja na kuondoka. Unapita kuchukua maji ya kunywa, inakugusa. Unarudi, haipo. Ilifanana na ndoo ya makombo ya nguruwe iliyosahaulika siku mbili. Kwa kuwa kule wakati wa joto madirisha hayafunguliwi na kiyoyozi huzungusha hewa ileile usiku na mchana, ilikuwa imefika hadi sebuleni alikolala mjukuu wangu wa siku tisa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Moshi. Nilikwenda Marekani kwa kazi moja ambayo kila mama wa kwetu anaijua: kumlea mzazi. Kumpikia mtori na supu, kumbeba mtoto ili mama yake alale, kuhakikisha hanyanyui kitu kizito. Binti yangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na mumewe hufanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo na nyingine ya mchana siku za mwisho wa juma. Walihitaji mtu.

Siku mbili za kwanza nilinyamaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikashika jembe langu, yaani sufuria.

Ndizi mbichi zinapatikana Houston, kwenye maduka ya watu wa Amerika ya Kusini. Nikamenya ndizi kama kumi na tano za mtori. Nilipomaliza nikauliza maganda niyatupe wapi, maana kwetu ganda la ndizi ni chakula cha ng'ombe, na mtu asiye na ng'ombe huyarudisha shambani chini ya migomba. Binti yangu akajibu kutoka kwenye kochi, macho yamefumba: "Mama, weka humo kwenye sinki. Ukibonyeza ile swichi ya ukutani, inasaga."

Kweli, sinki lake lilikuwa na tundu pana kuliko ya kwetu, limefunikwa kwa mpira mweusi uliochanwa katikati kama petali za ua. Chini yake kuna mashine ya umeme inayosaga mabaki ya chakula yaende na maji kwenye bomba la maji machafu. Mimi nikaipa jina langu, kinu cha sinki. Nikakilisha maganda yote kumi na tano, nikabonyeza.

Ndugu msomaji, kama umewahi kusikia mashine ya kusaga mahindi ikimeza jiwe, basi umesikia nilichosikia. Ikanguruma, ikalia kwa sauti ya chini kama inayoomba msaada, halafu kimya. Nikafungua koki nikidhani maji yatasukuma. Badala yake maji ya kijivu yalipanda taratibu na vipande vyeusi juu yake, hadi nusu ya sinki. Nikayafunika kwa sinia.

Mkwe wangu alirudi kazini asubuhi. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba huku nimesimama mbele ya sinki kama mtoto aliyevunja kioo. Unajua heshima iliyopo kati ya mkwe na mama mkwe. Kuna mambo hamzungumzi na kuna mahali hamkai pamoja. Na sasa mwanamume huyo, ambaye hajalala usiku kucha, alilala chali sakafuni, kichwa chake ndani ya kabati la chini ya sinki, kwa sababu ya maganda yangu.

Alianza kwa kuzima umeme wa ile mashine kwenye boksi la swichi la nyumba. Kisha akachukua ile spana ndogo yenye pembe sita ambayo mafundi wetu huiita alenki, akaiingiza kwenye tundu lililopo katikati ya kitako cha mashine, akaizungusha huku na huku hadi ikalegea. Baada ya hapo akatumia koleo la jikoni, si mkono, kuvuta kilichokwama. Zilitoka nyuzi za maganda zimejisokota kama kamba ya katani, na kijiko kimoja cha chai ambacho hakuna aliyejua kiliingia lini. Akabonyeza kitufe chekundu kilichopo chini ya mashine, akarudisha umeme, akafungua maji, akawasha. Ikafanya kazi.

Nikamwambia pole baba, nimekuharibia usingizi. Akacheka akasema, "Hapana mama, hii mashine ndiyo haikuzoea ndizi za Moshi." Akaenda kulala. Sitausahau wema ule.

Lakini harufu ilibaki palepale. Na hapa ndipo nilipofanya kosa langu la pili, ambalo lilikuwa kubwa kuliko maganda.

Siku ya tano jioni, nikiwa nimechoka, nilimwambia binti yangu: "Mwanangu, mimi sikukulea hivi. Jiko la mwanamke linanuka namna hii na mtoto mchanga yuko ndani?"

Hakunijibu. Alimtazama mtoto, akaanza kulia. Mimi ni mwalimu, nimeona vilio vya kila aina, na ninakijua kilio cha mtu aliyekaripiwa. Hiki hakikuwa hicho. Alilia bila sauti na bila kufuta machozi, kama mtu anayeendelea na jambo alilolianza zamani. Mwisho akasema, "Mama, mimi sinusi kitu. Sijui kama ni pua au ni mimi mwenyewe."

Usiku ule tulikaa hadi karibu asubuhi. Aliniambia mambo ambayo kwenye simu hakuwahi kuyasema. Miezi miwili ya mwisho ya ujauzito alikuwa na shinikizo la damu, akaambiwa apumzike. Wanaishi ghorofa ya tatu na mapipa ya taka yapo chini, upande wa pili wa maegesho. Mumewe akiwa kazini, yeye hakuweza kushuka na mfuko wa taka, basi kila kitu alikipeleka kwenye sinki: wali uliobaki, mafuta ya kukaangia, ngozi za kuku, maganda ya vitunguu. Akibonyeza swichi kinapotea. Baada ya kujifungua hata hilo lilimshinda. Alisema anamtazama mtoto na hasikii furaha aliyoahidiwa na watu. Alisema hata mtoto akilala, yeye hapati usingizi. Na kila nilipopiga simu kuuliza habari, alijibu nzuri mama, kwa sababu hakutaka nikae Moshi nikiwaza.

Nami nilikuwa nimefika, nimekaa siku tano, nikaona sinki lakini sikumwona yeye.

Asubuhi tulimweleza mumewe, wakapiga simu kliniki, wakasogezewa miadi yake mbele. Tulikwenda wote. Muuguzi alimpa karatasi ya maswali kuhusu hali yake ya moyo, kisha akakaa naye faragha huku mimi nimembeba mtoto nje. Wakatueleza kwamba ile ni huzuni inayowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, kwamba ni ugonjwa, si uvivu wala kukosa shukrani, na kwamba unatibika. Akapangiwa mshauri wa kuzungumza naye kila wiki, na daktari wa kumfuatilia. Sisi kazi yetu ikawa kumpunguzia mzigo na kuhakikisha analala. Nikasema moyoni, basi nitaanza na lile sinki, lakini safari hii bila maneno.

Aliyenifundisha ni jirani wa ghorofa ya chini, mama wa makamo kutoka Bukavu, Kongo. Alinisikia nikizungumza Kiswahili kwenye simu karibu na mapipa ya taka, akanisalimu kama ndugu. Kazi yake ni usafi wa nyumba za kupangisha, kwa hiyo mashine hizi amezisafisha nyingi. Nilipomweleza kwamba nimemwaga siki, nimemwaga maji ya moto, nimesaga hata limau zima na harufu inarudi kesho yake, alicheka. "Mama, harufu haitoke ndani ya mashine, inatoka chini ya ule mpira."

Akapanda kuja kunionyesha. Kwanza alizima umeme wa mashine kwenye boksi. Alisisitiza hilo hata kwa kazi ndogo, maana swichi ya ukutani mtoto anaweza kuigusa. Akavaa glavu, akainua ncha moja ya ule mpira mweusi. Kwa juu ulikuwa unang'aa. Kwa chini ulikuwa na utando mweusi mzito, unaoteleza, wenye vipande vya chakula vya siku nyingi. Hapo harufu yote ikapanda kwa pamoja.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Watu hudhani ndani ya mashine kuna visu kama vya blenda. Havipo. Kuna sahani inayozunguka yenye vyuma viwili vidogo vinavyochezacheza, na hivyo hurusha chakula kwa nguvu kwenye ukuta wa pete ya chuma yenye meno. Pete ndiyo inayosaga. Wakati chakula kinarushwa, matope yake huruka pia juu na kunasa chini ya mpira, mahali ambapo maji ya koki hayafiki kwa sababu yanapita katikati. Kinachobaki pale kinaoza. Unaweza kumwaga siki ndoo nzima, nayo itapita katikati vilevile.

Basi tukasugua. Tulitumia mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tukikunja kila petali ya mpira na kusugua chini yake, kisha shingo ya tundu kuzunguka pande zote. Mipira mingine hutoka kabisa, ukaioshe pembeni. Wa binti yangu ulikuwa wa kukunja tu. Ilichukua kama robo saa. Maji yaliyotoka siwezi kuyaelezea kwenye ukurasa ambao watu wanausoma wakiwa mezani.

Baada ya hapo, umeme umerudishwa, alimwaga vipande vya barafu kama vikombe viwili na kiganja cha chumvi ya mawe, akafungua maji baridi na kuwasha. Kelele ni nyingi, lakini barafu na chumvi hukwangua utando uliong'ang'ania kwenye pete na kuta. Watu husema barafu inanoa visu. Visu havipo vya kunoa. Kazi yake ni kusugua. Kisha akazima, akamwaga nusu kikombe cha ule unga wa soda tunaoweka kwenye maandazi, juu yake kikombe cha siki nyeupe. Povu likapanda. Akaliacha dakika kumi, akasuuza kwa maji mengi. Ganda la limau likaja mwisho kabisa, vipande vidogo. Limau ni marashi, alisema, na mtu huoga kwanza ndipo ajipake marashi. Mimi nilikuwa nimeanza na marashi.

Asubuhi iliyofuata niliingia jikoni gizani kuchemsha maji ya mtoto, nikasimama mbele ya sinki nikavuta pumzi. Hapakuwa na kitu.

Kuanzia siku ile tulijiwekea utaratibu, nikauandika kwenye karatasi na kuubandika ndani ya mlango wa kabati kama ratiba ya vipindi. Maji baridi yafunguliwe kabla ya kuwasha mashine, na yaendelee kutiririka kama nusu dakika baada ya sauti ya kusaga kwisha, ili kilichosagwa kisibaki njiani. Yawe baridi kwa sababu maji ya moto huyeyusha mafuta, yakapita mashine vizuri, kisha yakapoa na kuganda mbele ndani ya bomba. Chakula kiingie kidogo kidogo. Chini ya mpira pasuguliwe kila wiki, tulichagua Jumamosi. Barafu na chumvi mara moja kwa wiki mbili.

Chini yake niliandika visivyoingia, na cha kwanza niliandika kwa wino mwekundu: maganda ya ndizi. Vikafuata majani ya mahindi, maganda ya vitunguu na kila chenye nyuzi, maana hujisokota kama nilivyoona. Machicha ya nazi yaende kwenye mfuko. Wali, tambi na ugali visimiminwe kwa wingi, kwani huvimba au kugeuka gundi ndani ya bomba. Mifupa mikubwa hapana. Mafuta kamwe, yamwagwe kwenye kopo, yagande, yatupwe na taka. Dawa kali za kuzibulia mabomba zisitumike, huharibu mpira na mashine, na zikibaki humo humrukia anayekuja kurekebisha. Na mkono usiingie humo kwa sababu yoyote.

Mwalimu haachi kuuliza, nami nilimuuliza mkwe wangu ni nani aliyebuni kitu kama hiki. Akanitafutia. Alikuwa msanifu majengo aliyeitwa John Hammes, wa mji wa Racine katika jimbo la Wisconsin, aliyeanza kuitengeneza mwaka 1927 na kupata hataza yake mwaka 1935. Nikajifunza pia kwamba jiji la New York liliizuia kwa miaka mingi kwa kuhofia mabomba yake ya zamani, hadi mwaka 1997 ilipoiruhusu majumbani. Nilifarijika. Kumbe hata wenyewe walikuwa na wasiwasi nayo.

Nilikaa Houston miezi mitatu. Sitasema binti yangu alipona siku sinki liliposafishwa, maana haikuwa hivyo. Zilikuwepo wiki za kwenda mbele na wiki za kurudi nyuma. Kuna siku alikosa hamu ya kula mtori niliousimamia saa mbili. Lakini Jumamosi moja mwezi wa pili nilimkuta jikoni, mtoto amefungwa kifuani kwa khanga yangu, mswaki wa zamani mkononi. Akageuka akasema, "Mama, kumbe panaanza kunuka tena." Alikuwa amenusa. Nilitoka kwenda chumbani nikajifanya natafuta miwani.

Sasa nimerudi Moshi. Sinki langu halina mashine, na maganda yangu ya ndizi yamerudi kwa ng'ombe wa jirani. Lakini niliyojifunza kule yamenisaidia hapa. Nimeweka kichujio kwenye tundu la sinki na kukimwaga kila baada ya kuosha vyombo. Mafuta ya kukaangia siyamwagi tena. Sinki likianza kunuka siharakishi kumwaga dawa; natazama kwanza chini ya kichujio, kwenye shingo ya tundu, na kwenye lile bomba lililopinda chini ya sinki. Pindo lile huwekwa makusudi ili libaki na maji yanayozuia hewa chafu ya shimo kupanda ndani. Sinki lisilotumika muda mrefu maji yake hukauka na harufu huingia. Kikombe kimoja au viwili vya maji hulimaliza tatizo.

Na kwa akina mama wenzangu wanaojiandaa kwenda kumlea mzazi, iwe Marekani au mtaa wa pili, nina ombi. Ukifika ukakuta vyombo vimejaa, nguo hazijafuliwa au jiko linanuka, usianze na kauli ya mimi sikukulea hivi. Mimi niliisema, na siwezi kuirudisha. Keti karibu naye kwanza. Muulize analala saa ngapi na anakula nini. Muulize kama furaha ipo, na akisema haipo, usimkemee wala usimwambie ashukuru Mungu anyamaze. Mpeleke kwa wanaojua. Vyombo vitaoshwa.

Juzi binti yangu alipiga simu ya video. Mjukuu anatambaa na ameshajua kufungua makabati, kwa hiyo swichi ya mashine wameiwekea kifuniko. Nikamuuliza habari za huko. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama, wiki hii si nzuri sana." Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia haya, nieleze.